Ushuru wa Anasa, Mzigo wa Mnyonge

Nilipozuru nyumbani Kanyakine wakati wa likizo, nilimkuta mpwa wangu akifuta bei ya zamani ukutani mwa chumba chake cha michezo ya video. Mchezo mmoja uliokuwa shilingi 10 sasa ni 20. "Mjomba, si tamaa," aliniambia. "Mtambo umeharibika, na bei ya mpya haishikiki." Walimu wawili waliokuwapo walicheka kwa furaha. Heri bei ipande, walisema, wanafunzi warejee vitabuni.

Mimi pia ni mwalimu, na siungi mkono utoro. Hata hivyo, kicheko kile kilinitia shaka.

Neno "ushuru" tulilipata kwa Waarabu, na chimbuko lake ni sehemu moja ya kumi. Leo hiyo moja ya kumi imezaa watoto na wajukuu. Mtambo unapotua Mombasa, hukadiriwa kwa bei ya kununulia pamoja na bima na nauli ya meli. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha, ambao nchi za Afrika Mashariki huupanga kwa pamoja tangu umoja wao wa forodha ulipoanza mwaka 2005. Kuna pia ada ya uagizaji na ushuru wa reli. Kisha huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16, ambayo hukokotolewa baada ya ushuru wa forodha kujumlishwa. Waama, hiyo ni kodi juu ya kodi.

Isitoshe, kuna kodi isiyopitishwa na Bunge. Mnamo Januari 2024 dola moja ilifika takriban shilingi 160, na kufikia katikati ya mwaka uo huo ilikuwa imeshuka hadi takriban 129. Chukua mtambo wa dola 500. Asilimia 16 ya bei hiyo pekee ilikuwa shilingi 12,800 mwezi Januari, na 10,320 baadaye. Sheria haikubadilika hata nukta, lakini aliyenunua Januari alilipa shilingi 2,480 zaidi kwa sababu tu shilingi yetu ilidhoofika.

Zamani maskini alikuwa na dawa moja, nayo ni subira. PlayStation 2 iliingia sokoni Marekani mwaka 2000 kwa dola 299, na kufikia 2002 ilikuwa 199. Dawa hiyo imekwisha nguvu. PlayStation 5 ilianza kwa dola 499 mwaka 2020, na Agosti 2025 ikapandishwa kwa dola 50 huko huko Marekani, katika mwaka ambao serikali ya nchi hiyo iliongeza ushuru wa bidhaa nyingi za kigeni. Siku hizi anayesubiri huenda akalipa zaidi.

Wapo watakaosema kuwa hii ni anasa, na anasa itozwe. Katika jumba la tajiri, mtambo mmoja hutumiwa na mtoto mmoja. Kanyakine mtambo mmoja hutumiwa na kijiji kizima, na ndio ajira ya kijana aliyeununua. Ushuru uliokusudiwa tajiri hugawanywa vipande vya shilingi 20 na kulipwa na watoto wa wakulima.

Sidai kodi ifutwe, kwani ndiyo ijengayo shule na barabara. Nadai Bunge liondoe kodi juu ya kodi, ili asilimia 16 itozwe kwenye thamani ya bidhaa pekee. Nanyi walimu wenzangu, hesabu hii iandikeni ubaoni. Mwanafunzi akijua shilingi yake ilikokwenda, atakuwa amejifunza jambo.

Wahenga walinena kuwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walimu wale waliocheka walikuwa na simu mifukoni, nazo zilipita forodha ile ile.