Prosesa Ipimwe kwa Jua la Garissa

Hapa Waberi vijana tunasaka kompyuta za mitumba tucheze gemu za PlayStation 2, mashine iliyotoka mwaka 2000. Muuzaji hukwambia, "Chukua hii bwana, ina viini 8!" Mimi nasema hiyo si hoja. PCSX2, programu inayoiga mashine hiyo, hutegemea kasi ya kila kiini kuliko wingi wa viini. Prosesa ya PlayStation 2 ilikuwa na megahezi 295 hivi tu, lakini kuiga ni kazi ngumu: kila amri lazima itafsiriwe kwanza, tena papo hapo.

Halafu kuna joto, na hili muuzaji halitaji kamwe. Kwetu mchana huweza kupita nyuzi 35. Prosesa ikichemka hujipunguzia kasi yenyewe, na gemu iliyoanza vizuri kwa picha 50 kwa sekunde inakokota miguu kama ngamia mgonjwa. Na pesa yenyewe pengine ni ya mbuzi wa mzazi aliyeuzwa sokoni!

Basi nenda dukani saa nane mchana. Mwambie aiwashe gemu nzito, si ile ya mpira pekee, nusu saa nzima, feni ya duka ikiwa imezimwa. Akikataa, we toka tu.