Mtandao wa Mfukoni: Ni Nani Amlipiaye Mtafiti?

Kila mwanafunzi wa uzamili aliyewahi kwenda nyanjani anajua kwamba kipakatalishi peke yake hakimfikishi mbali. Aghalabu mashine hiyo haina laini ya simu, na pindi itokapo nje ya ua wa chuo hugeuka kuwa taipureta ya bei ghali. Kinachoihuisha ni simu. Mtafiti huiweka simu janja yake mezani, akawasha kile tukiitacho hotspoti, akaandika nywila kwenye kipakatalishi, na punde si punde akawa ndani ya maktaba za ulimwengu. Makala haya hayanuii kuusifu ufundi huo, maana umekwisha kuzoeleka hata ukawa kama kuwasha taa. Yananuia kuuliza ni nani anayeulipia.

Si vibaya kukumbuka tulikotoka. Kabla ya mwaka 2009 Kenya ilitegemea setilaiti kuunganishwa na intaneti ya ng'ambo, na bei yake ilikuwa ya kutisha. Mwaka huo kebo za SEACOM na TEAMS, zilizotandazwa chini ya bahari, zikafika Mombasa, nayo EASSy ikafuata mwaka 2010. Mwezi wa Mei mwaka huohuo wa 2010, toleo la 2.2 la Android likaiwezesha simu kuugawia kipakatalishi mtandao wake, ama kwa waya ama hewani. Mapema mwaka 2011 simu ya IDEOS iliyoundwa na Huawei, yenye toleo hilohilo, ikauzwa humu nchini kwa takriban shilingi 8,000. Sisi wa rika langu tulikuwa bado tunavaa kaptura za shule ya msingi, wala hatukujua kwamba maktaba yetu ya baadaye ilikuwa ikiuzwa madukani.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, niruhusiwe kuchepuka kidogo. Ukiiamuru simu ya Android izungumze Kiswahili, utakuta hotspoti ikiitwa "mtandaopepe", na kitendo chenyewe kikiitwa "kusambaza mtandao". Neno la kwanza nalipokea kwa mikono miwili. Limezaliwa katika ukoo mmoja na barua pepe, na mwanagenzi halihitaji kamusi. La pili linanitatiza. Habari husambazwa, na harufu ya pilau husambaa, lakini mtafiti aliyenunua kifurushi cha gigabaiti moja hasambazi kitu. Anagawa, tena kwa kupima. Lau ningeulizwa, ningesema "kugawa mtandao", maana kinachogawiwa hupungua.

Nacho hupungua kwa kasi. Zingatia, msomaji mpendwa, hali ya mwenzetu anayetafiti tenzi kule Lamu au Pate. Sehemu ya miswada anayoihitaji imehifadhiwa London, katika maktaba ya SOAS, miongoni mwa makusanyo ya akina William Taylor na William Hichens, na mingi katika hiyo imepigwa picha na kuwekwa mtandaoni. Siilaumu maktaba hiyo. Bila picha hizo tungekuwa tukiomba nauli ya ndege. Lakini kuna kejeli isiyofichika. Maandishi yaliyotoka pwani yetu yakavuka bahari sasa yanarudi kwa kebo hadi Mombasa, yanapaa hadi kwenye simu ya kijana aliyeketi barazani kisiwani, na kijana huyo anayalipia kwa megabaiti. Picha moja ya ukurasa, ikiwa na ubora wa kuonyesha nukta za herufi za Kiarabu bila utata, yaweza kuwa na megabaiti kadhaa. Utenzi una kurasa nyingi.

Isitoshe, kipakatalishi hakina haya. Simu hujua kwamba data inanunuliwa, kwa hivyo mara nyingi huahirisha kupakua mizigo mizito hadi ipate Wi-Fi. Kipakatalishi kikiunganishwa na mtandaopepe huona Wi-Fi tu, nacho huenda kikadhani kimefika karamuni: kitaanza kupakua masasisho ya Windows, na mafaili yote yanayohifadhiwa mtandaoni yatataka kulinganishwa na yaliyomo kwenye mashine. Matoleo ya 10 na 11 ya Windows yana mahali pa kuieleza mashine kwamba mtandao huu unapimwa, ijizuie. Kila anayekwenda nyanjani na aitafute sehemu hiyo kabla hajapanda basi. Fauka ya hayo, palipo na waya wa USB ni heri kuutumia kuliko hewa, kwa sababu simu huchajiwa na kipakatalishi huku ikifanya kazi.

Hata hivyo, ubahili wa mwanafunzi una mpaka wake. Tangu vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi mwaka 2020 kwa sababu ya korona, mihadhara mingi ilihamia mtandaoni, na desturi hiyo haikutoweka milango ilipofunguliwa. Mhadhara wa saa moja uliorekodiwa kama video ya kasi ya megabiti moja kwa sekunde huwa na megabaiti 450. Sauti ya mhadhiri huyohuyo peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 29. Je, uso wa mhadhiri wa fonolojia una thamani ya megabaiti 421? Namheshimu sana, lakini siamini.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi hawa hawa humaliza vifurushi kwa vichekesho na muziki. Ni kweli, baadhi yetu hufanya hivyo. Wengine watasema kwamba vyuo vina Wi-Fi, tena kwa mpango wa eduroam mwanafunzi wa chuo kimoja aweza kuunganishwa akiwa katika chuo kingine kinachoshiriki. Hilo pia ni kweli, na linamfaa anayesomea ndani ya kuta za vyuo. Lakini mtafiti wa fasihi simulizi au wa lahaja kazi yake haimo humo. Tunamtuma kwa Wabajuni na Wavumba, kisha tunamtaka awasilishe sura kwa barua pepe kila mwezi, ahudhurie semina kwa video, na apakue makala aliyoelekezwa na msimamizi. Kila agizo kati ya hayo ni ankara, ila haiandikwi popote.

Ombi langu kwa idara zetu si kubwa. Makala yanayosomwa darasani yawekwe kama maandishi mepesi, si picha za rangi zilizopigwa kurasa kwa kurasa. Mihadhara iambatishwe na faili ya sauti. Na katika makisio ya gharama za utafiti uongezwe mstari mmoja wa data, kati ya nauli na malazi, ambapo msimamizi atauona kabla hajauliza kwa nini sura ya pili imechelewa.