Philly Lutaaya: Mwimbaji Aliyesema Kweli

Desemba ikifika, redio za Uganda hupiga nyimbo za Krismasi za Philly Lutaaya, nasi wa Kashojwa, Nakivale, tukazisikiliza. Alizaliwa mwaka 1951, akapiga muziki Kongo na Kenya, kisha akahamia Uswidi, alikotoa santuri ya *Born in Africa*. Aprili 1989 alitangaza hadharani kuwa ana virusi vya UKIMWI. Wapo waliodai anatafuta soko la nyimbo zake. Naye, hali mgonjwa, alizunguka mashuleni na makanisani akionya, hadi alipofariki tarehe 15 Desemba 1989.

Leo dawa za kufubaza virusi hutolewa bure katika vituo vya afya vya serikali. Mficha maradhi kifo humuumbua. Askari na mkewe wakapime pamoja.