Wanaosafisha Dawa Wasisahauliwe

Mtu akigundua dawa, dunia nzima humjua. Bali yule aitakasaye dawa hiyo isimdhuru mgonjwa, jina lake hutajwa kwa nadra. Sisi twaona hii si haki, na insulini, dawa ya wagonjwa wa kisukari, ni ushahidi wa kutosha.

Januari 1922, huko Toronto, Kanada, kijana Leonard Thompson wa miaka 14 alidungwa sindano ya maji ya kongosho la ng'ombe. Maji yale yalikuwa na uchafu mwingi. Pale penye sindano pakafanya jipu, na nafuu ikawa haba. Siku 12 baadaye alidungwa tena, dawa ikiwa imesafishwa na James Collip, na sukari katika damu yake ikashuka. Mwaka 1923 zawadi ya Nobel walipewa Banting na Macleod. Collip hakutajwa, ingawa Macleod, kwa uungwana wake, alimgawia fedha.

Wala usafi ule haukuwa kamili. Kwa miaka mingi wagonjwa walioishi kwa insulini ya ng'ombe na nguruwe waliona ngozi ikibonyea mahali pa sindano, kwa kuwa protini nyingine zilichanganyika na dawa. Njia mpya ya kuzitenga ilianzia katika kitu kisicho kigeni jikoni, yaani wanga. Mwaka 1955, katika hospitali ya wazazi mjini London, Lathe na Ruthven waliujaza wanga uliovimba kwa maji katika bomba la kioo, wakapitisha mchanganyiko, wakaona molekuli zikitoka kwa zamu kwa kadiri ya ukubwa wake. Mwaka 1959 Porath na Flodin wa Uppsala, Sweden, walitangaza jeli iliyo bora zaidi, ya dekstrani, kitu ambacho bakteria hukifanya kutokana na sukari.

Msomaji asidhani kuwa hili ni chekeche tu. Katika chekeche kidogo hupita na kikubwa hubaki. Hapa mambo ni kinyume: punje za jeli zina vitundu; molekuli ndogo huingia humo zikazungukazunguka na kuchelewa, na zile kubwa, kwa kukosa pa kuingia, hupita kando ya punje na kutangulia. Ndivyo proinsulini, ambayo uzito wake ni kama mara moja na nusu wa insulini, ilivyotengwa na dawa katika miaka ya 1970.

Wako wasemao kwamba kutazama matone yakidondoka siku kutwa si kazi. Twawauliza: nani kati yao atakubali kudungwa dawa ile ya kwanza ya 1922?

Siku hizi insulini hutengenezwa kwa bakteria au hamira, lakini vitabu vya kanuni za dawa vyataka ipimwe kwa njia hii hii, ijulikane kama molekuli zake zimegandamana. Mpimaji ni mfanyakazi wa maabara. Twadai kwamba fedha za dawa zinapogawiwa, jeli yake, vyombo vyake na mshahara wake visiwe vya kwanza kupunguzwa. Mgonjwa amewekewa chupa mbili mezani. Ipi safi na ipi si safi, kwa macho hawezi kuzipambanua.