Gideoni hakubaki hemani
Mwandishi wa makala, nimekuelewa, ila hapo kwa Gideoni wa kwenye Biblia umepita haraka mno. Watu wake 32,000 wakapunguzwa hadi 300, sawa, lakini hao 300 nao walishika tarumbeta, mitungi na mienge wakaizunguka kambi ya Wamidiani usiku. Hawakulala wakingoja muujiza. Umeandika kana kwamba kutumia mikono yetu ni kiburi, ila kwangu mimi kiburi hakikuwa kufanya kazi, kilikuwa kuona aibu kusema nimeshindwa. Mwaka juzi duka langu la nafaka liliyumba, nikachukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, nikaulipa kwa mkopo mwingine, kimya kimya, mke hajui, mzee wa kanisa hajui, na Jumapili naimba kwaya kama kawaida! Siku wakopeshaji walipokuja kubeba friji ndipo nilipiga magoti kweli. Jibu lilikuja kwa miguu: akina mama wa jumuiya waliochanga, na shemeji aliyekesha nami tukipiga hesabu kwenye daftari. Kwa hiyo ndugu yangu uliyetoa maoni hapo juu, unayesema "omba tu, Mungu atatenda", omba, mimi pia naomba, ila kama nawe una deni la siri, leo jioni mwambie mkeo unadaiwa kiasi gani.