Mjapani kaunda, kabwela kalipia, kigogo kapanda

KIJIWENI kwetu hapa Tandika kuna ubishi usiokwisha, na wala haumhusu Simba na Yanga. Ni ubishi wa magari. Mmoja atakwambia gari ni Nissan, mwingine ataapa kwa jina la mama yake kwamba injini ni ya Mitsubishi, nyingine zote ni makopo. Lakini jamaa hao hao wakipata vijisenti, hata viwe vya mkopo wa riba ya kukata shingo, wote wanakwenda kununua Toyota. Ukiwauliza imekuwaje, jibu ni moja: "Spea, kaka. Spea."

Sina haja ya kuamua ubishi huo leo. Nataka kuuliza jambo jingine. Katika mji huu ambao karibu kila kinachokupita barabarani kina nembo ya Toyota, nani hasa anafaidi? Mjapani ameshauza na kuondoka zake. Anayelipa tunamjua. Anayepanda nyuma, vioo vimefungwa na kiyoyozi kinapuliza, tunamjua pia.

Tuanze na huyo Mjapani, maana habari yake ina la kutufundisha. Toyota haikuanza na magari, ilianza na vitambaa. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala aliyezaliwa mwaka 1867, alitumia maisha yake kubuni mitambo ya kufuma nguo. Mwaka 1924 akakamilisha mtambo unaojiendesha, ambao uzi ukikatika unasimama wenyewe bila kusubiri mtu apige kelele. Mwaka 1929 haki za mtambo huo zikauzwa kwa Waingereza, kampuni ya Platt Brothers, kwa pauni 100,000. Mwanawe Kiichiro hakuzitazama fedha za mtindo huo kama posho ya kwendea harusini. Mwaka 1933 alifungua idara ya magari ndani ya kiwanda kile kile cha mitambo ya nguo, na mwaka 1937 ikasimama kampuni kamili. Jina la ukoo likabadilishwa herufi moja, kutoka Toyoda kuwa Toyota, kwa sababu kwa maandishi yao linaandikwa kwa mikwaju minane, na nane kwao ni namba ya bahati.

Sasa ndugu msomaji, panda gari uende Ubungo ukautazame ukuta wa kiwanda cha Urafiki. Kile nacho kilikuwa kiwanda cha nguo, kilichojengwa kwa msaada wa Wachina na kufunguliwa mwaka 1968. Mitambo ya kufuma tulikuwa nayo. Watu tulikuwa nao, wakiingia kwa zamu usiku na mchana. Wajapani walitoka kwenye uzi wakaenda kwenye injini. Sisi tulitoka kwenye uzi tukaenda kwenye mitumba: mitumba ya nguo kwanza, halafu mitumba ya magari.

Na asije mtu akasema hatukujaribu. Pale Kibaha TAMCO waliunganisha malori ya Scania. Hapo hapo Kibaha jeshi lilikuwa na Nyumbu, na wahandisi wetu, vijana wa Kitanzania, wakaunda lori wakalipa jina hilo. Umewahi kuliona likipita Mbagala limebeba mchanga? Basi.

Kuna jambo moja la Kiichiro ambalo wakubwa wetu hawalipendi kulisikia. Mwaka 1949 mambo yaliiendea kombo kampuni yake. Fedha zikakauka, wafanyakazi wakatakiwa kupunguzwa, wakagoma. Mwaka 1950 Kiichiro akaandika barua ya kujiuzulu. Bosi, mwanzilishi, mwenye jina mlangoni, akaondoka pamoja na wafanyakazi aliowaondoa. Wiki chache baadaye vita vya Korea vikazuka, jeshi la Marekani likaagiza malori, kampuni ikapona, lakini mwenyewe hakurudi kufaidi. Alifariki mwaka 1952. Huku kwetu tumezoea kwamba bosi akiua shirika moja huhamishiwa jingine akamalizie kazi.

Tuje kwetu Dar. Vijana wa leo hawajui taabu ya usafiri ilikotoka. Serikali iliitaifisha DMT mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa UDA. Mabasi yakaletwa, yakiwemo yale Ikarus marefu kutoka Hungaria yaliyoungwa katikati, kumbakumba. Yakachakaa, spea hakuna, fedha za kigeni hakuna. Watu wa Temeke wakatembea kwa miguu hadi mjini wakiwa wamevaa suti za Kaunda. Mwaka 1983 serikali ikanyoosha mikono na kuruhusu mabasi ya watu binafsi, nauli shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano ndiyo watu walikuwa wakiiita dala. Dala! Dala! Jina likaganda hadi leo.

Mwaka uliofuata ikaja ruhusa ya watu kuingiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe, usiulizwe umezipata wapi. Hapo ndipo magari ya Japani yaliyokwisha kutumika yalipoanza kupata njia. Na sababu ilikuwa nyepesi tu. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, usukani upo kulia kama wetu. Tena sheria yao inalitaka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo ni ghali. Mjapani anaona heri aliachie gari likiwa bado zima. Kwake ni takataka, kwetu ni mtaji wa ukoo mzima.

Kwanza tulipanda chai maharage, yale ya mabenchi ambamo abiria mnatazamana kama mko mgahawani. Halafu zikaja DCM. Hizi nazo zina kisa. DCM ni kifupi cha Delhi Cloth Mills, viwanda vya nguo vya Delhi, ambao miaka ya 1980 waliingia ubia na Toyota wakawa wanatengeneza magari madogo ya biashara huko India. Umeona? Wahindi nao walitoka kwenye nguo! Halafu ndiyo wakaja wafalme wenyewe, vipanya, Toyota Hiace.

Hiace ilitoka mara ya kwanza mwaka 1967, gari la kubebea mizigo na watu wachache wenye adabu zao. Zilitufikia na maandishi ya Kijapani ubavuni, hakuna aliyejua kama lilikuwa gari la shule ya chekechea au la muuza samaki. Mafundi wa Gerezani wakang'oa viti, wakachomelea mabenchi, na gari likaanza kubeba idadi ambayo mhandisi wa Japani angeiona angelia. Injini ya dizeli 3L, hiyo ndiyo imesomesha watoto wa Temeke. Inachemka, unamwagia maji, inaondoka. Unaichanganyia oili ya ajabu ajabu, inakohoa, inaondoka. Nasema haya kwa sababu niliwahi kuning'inia mlangoni, deiwaka, miezi kadhaa njia ya Temeke na Kariakoo.

Kazi ile ilinifundisha hesabu kuliko mwalimu yeyote. Mwenye gari anataka hesabu yake jioni, kiasi kile kile, mvua inyeshe isinyeshe. Mafuta juu yako. Mpigadebe juu yako. Trafiki, naye ana watoto, juu yako. Pancha juu yako. Kinachobaki ndicho cha dereva na konda, na siku nyingine kinachobaki ni vumbi. Mwenye gari letu alikuwa mtumishi wa umma katika ofisi ambayo siitaji, mshahara wake kwa karatasi haukutosha kununua hata milango ya Hiace. Hatukuwa na mkataba, hatukuwa na likizo. Suka wangu aliumwa malaria siku tatu, siku ya nne akakuta mtu mwingine ameshika usukani.

Kwa hiyo nikisikia mtu wa serikali anasimama kwenye kipaza sauti na kusema madereva wa daladala ni wahuni, wanakimbiza magari, wanakataa wanafunzi, natikisa kichwa. Kinachokimbiza Hiace ni hesabu. Mwanafunzi anakataliwa kwa sababu nauli yake ndogo inakula hesabu hiyo hiyo. Mpe dereva mshahara na mkataba uone kama atagombania abiria kama fisi. Madereva walilisema hili kwa sauti mwaka 2015, walipogoma Aprili na tena Mei, nchi ikasimama, watu wakatembea Ubungo hadi Kariakoo. Walidai mikataba, na walikataa kulazimishwa kurudi darasani kila wanapohuisha leseni. Mawaziri wakashuka vituoni jasho likiwatoka, wakaahidi. Kamuulize konda yeyote Buguruni leo mkataba wake ameuweka wapi. Atadhani unamtania.

Kisha mwendokasi ukaja. Mei 2016 mabasi yale marefu yakaanza Barabara ya Morogoro, daladala zikaondolewa njia ile. Vipanya vilikuwa vimeshaanza kusukumwa pembezoni muda mrefu kabla ya hapo. Silaumu mji kutaka mabasi makubwa. Atakayesema Hiace ndiyo usafiri wa kistaarabu wa jiji la mamilioni ya watu hajawahi kukaa kwenye kiti cha juu ya injini saa nane mchana. Nauliza tu: wale vijana waliokuwa mlangoni walipangiwa wapi? Wengi wao leo wako kwenye bodaboda. Wodi za mifupa pale Muhimbili zinawafahamu.

Sasa nije kwenye gari la kijana wa leo, IST. Nani asiye na ndoto ya IST, angalau namba D? Toyota waliitoa mwaka 2002, injini ya sisi 1300 au 1500, na toleo lile la kwanza tunalolipenda sisi lilikoma mwaka 2007. Piga hesabu. Hata ile ya mwisho kabisa kutoka imepita miaka 10 zamani. Na hapo ndipo mtego ulipo. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa. Kisha, kwa kosa la kununua gari kuukuu, asilimia 30 nyingine ya uchakavu kwa gari lililopita miaka 10. Juu ya mlundikano huo ndiyo inakuja VAT ya asilimia 18. Kodi inakaribia kulingana na bei ya gari, mara nyingine inaipita. Wewe umenunua gari moja, umelipia mawili, la pili analo nani?

Watasema ni kwa ajili ya mazingira na usalama. Kenya wao wakasema gari lililopita miaka 8 lisiingie, basi, wakafunga mlango. Unaweza kukubali au kukataa, lakini unaelewa. Sisi tumesema gari chakavu ni hatari, ila ukilipa halina hatari. Ushuru huo hausafishi moshi wala haubadilishi breki. Kinachotozwa pale ni umaskini, kwa maana mwenye uwezo hununua gari la juzi na uchakavu hamlipi mtu.

Na mwenye uwezo kuliko wote hanunui kabisa, ananunuliwa. Land Cruiser ilianza mwaka 1951, gari la kazi, na mwaka ule ule likapandishwa mlima Fuji kuthibitisha ubavu wake. Kwetu likawa shangingi, na mlima linaoupanda ni matuta ya Masaki. Mizengo Pinda alipokuwa Waziri Mkuu aliyasema mashangingi hadharani, na aliyeyasema ni mtu wao, si mpinzani. Yakapungua? Simama barabara ya Bagamoyo saa mbili asubuhi uyahesabu, yote yanakunywa mafuta ya mlipa uchakavu. Polisi nao wanatufuata na Land Cruiser yenye mabenchi nyuma, ambayo kwa mazoea tunaiita difenda. Hapo angalau kabwela naye hupandishwa Land Cruiser, bure.

Nimeisifu Toyota, lakini si malaika. Februari 2010 rais wake, Akio Toyoda, mjukuu wa Kiichiro mwenyewe, alikaa mbele ya Bunge la Marekani akaomba radhi kwa magari yaliyorudishwa kwa mamilioni. Desemba 2023 Daihatsu, kampuni ambayo Toyota inaimiliki yote, ilikiri kughushi vipimo vya usalama vya modeli 64. Na kuna lile balaa la eabegi za Takata, mifuko ya hewa iliyokuwa ikipasuka na kurusha vipande vya chuma usoni mwa dereva. Makampuni mengi, Toyota ikiwemo, yaliyaita magari yao yabadilishwe. Mmarekani aliandikiwa barua nyumbani. Mjapani aliandikiwa barua nyumbani.

Wa Tandika nani alimwandikia? Namba ya chasisi ya kila gari lililoshuka bandarini iko kwenye kompyuta za serikali. Ukidaiwa faini ya kamera, ujumbe unakufikia kwenye simu kabla hujafika nyumbani. Kulinganisha namba hizo na orodha ya watengenezaji ni kazi ya mtu mmoja na mashine moja, na katika asilimia 30 ya uchakavu hapakosekani mshahara wake. Lakini hakuna anayefanya, na kijana ananunua gari akiwa hajui alichokikalia.

Jirani yangu ana IST yake, ameisotea miaka minne. Kwenye vioo vyote na taa amechora namba ya gari ili wezi wasizipeleke Gerezani. Wiki iliyopita taa ya eabegi iliwaka nyekundu na ikagoma kuzimika. Akampelekea fundi chini ya mwembe. Fundi akaitazama, akamwambia tatizo dogo, achomoe balbu.

Ameichomoa.