Ali ama Tyson? Kabla ujibu, kuna maswali tatu lazima uulize

Unajua vile huwa. Ni Jumamosi, umeketi kwa kinyozi, mko watano kwa laini, TV imeweka marudio ya ndondi, alafu msee mmoja anatupa moja tu: "Tyson wa '88 angemmaliza huyu Usyk raundi mbili." Imeisha. Nusu saa ijayo hakuna kichwa inanyolewa. Kinyozi amesimama na mashine imewaka mkononi, anadai Ali ndio baba yao wote. Mzae wa gazeti pale kona anauliza mbona mmesahau Marciano. Na kuna kijana wa miaka 16 hajawahi tazama pigano lote la Ali kutoka mwanzo hadi mwisho, lakini ndiye ana sauti kubwa kuliko wote.

Mimi pia huwa kwa hiyo kelele, kwa hivyo usidhani nakuhukumu. Shida yangu ni vile stori huisha: mwenye mdomo mkubwa ndio anabeba. Na saa hii hii bishano imerudi na moto. Oleksandr Usyk alimchapa Tyson Fury mara mbili mwaka wa 2024, alafu Julai 2025 akamlaza Daniel Dubois pale Wembley raundi ya tano, akakusanya mikanda yote minne. Watu lazima waulize: huyu tunamweka wapi karibu na wakubwa wa kitambo?

Hakuna mtu atawahi jua jibu kamili. Lakini kuna njia ya kubishana na ukweli mkononi. Uliza hizi maswali tatu kabla mtu hajapiga meza.

1. Ni yupi huyo unasema?

Ukisema "Ali", kuna Ali kadhaa. Kuna yule wa Novemba 1966 kule Houston, miaka 24, miguu nyepesi, aliyemmaliza Cleveland Williams raundi ya tatu. Kuna yule wa Kinshasa Oktoba 1974, miaka 32, miguu imepungua lakini akili imeongezeka, akaegemea kamba hadi George Foreman akachoka, akamwangusha raundi ya nane. Na kuna yule wa Oktoba 1980 pale Las Vegas, miaka 38, akichapwa na Larry Holmes hadi kona yake ikasimamisha pigano baada ya raundi ya 10. Hao ni watu watatu tofauti.

Tyson naye ni vile vile. Wa Juni 1988 alimtoa Michael Spinks kwa sekunde 91. Wa Juni 2002 alilazwa na Lennox Lewis raundi ya nane pale Memphis. Jina moja, mwili tofauti.

Hapa ndio wasee wa hesabu hupotea. Kuna ile hesabu ya Trevor Berbick, lazima umewahi isikia. Berbick alimshinda Ali kwa pointi Desemba 1981. Tyson alimmaliza Berbick raundi ya pili Novemba 1986 na kuwa bingwa mdogo zaidi wa uzani mzito, miaka 20. Kwa hivyo Tyson anamshinda Ali, sindio? Hapana, bana. Berbick alikutana na Ali wa karibu miaka 40, pigano lake la mwisho kabisa. Ukitumia hiyo hesabu unapima uzee, hupimi ngumi.

Ya Holmes pia ni hivyo hivyo. Holmes alimshinda Ali mzee, alafu Januari 1988 Tyson akamlaza Holmes mwenye miaka 38. Na kabla ya hao wote, Rocky Marciano alimlaza Joe Louis wa miaka 37 mwaka wa 1951. Mara hizo zote vizazi viwili vilipokutana ulingoni, mdogo aliondoka na ushindi na mkubwa akabebwa. Hiyo haikwambii nani alikuwa noma zaidi kwa ubora wake.

2. Raundi ngapi?

Ali alipigana wakati pigano la ubingwa lilikuwa raundi 15. Manila 1975, yeye na Joe Frazier walienda 14 kabla kona ya Frazier kusema imetosha. Saa hii ni 12. Mabadiliko yalianza baada ya Duk Koo Kim wa Korea Kusini kufariki kutokana na pigano lake na Ray Mancini Novemba 1982, ambapo alisimamishwa raundi ya 14. WBC ikakata raundi tatu, wengine wakafuata.

Ukidhani raundi tatu ni kitu ndogo, angalia Tyson. Hajawahi kupigana zaidi ya raundi 12 maishani. Wengi wao walianguka mapema, ndio, lakini wale walivuka zile raundi za kwanza walipata nafasi ya kupumua. Tony Tucker, mrefu, alifika naye hadi mwisho mwaka wa 1987. Buster Douglas, mrefu pia, alimweka mbali na ngumi ya kushoto usiku mzima kule Tokyo Februari 1990, akamwangusha raundi ya 10.

Kwa hivyo ukiweka Ali na Tyson raundi nne, mimi naanza kuogopa. Ukiweka 15, Tyson ndio anafaa kuogopa.

3. Kilo ngapi?

Marciano alistaafu na rekodi ya 49 bila kupoteza. Hiyo heshima hakuna mtu atamnyang'anya. Lakini alichukua ubingwa akiwa na kama kilo 84. Leo uzani wa kruza, ule wa chini ya uzani mzito, unaenda hadi karibu kilo 91. Yaani Marciano wa leo hangekuwa hata kwa uzani mzito. Fury alipanda kwa mizani Mei 2024 akiwa na kama kilo 119. Unataka Marciano apigane na mtu amemzidi kilo 35? Hiyo ni kesi ya polisi.

Lakini usitumie kilo kuzima kila stori. Usyk alikuwa na kama kilo 101 usiku ule, na Fury bado akapoteza. Ali wa Kinshasa alikuwa kilo 98, Tyson wa 1988 alikuwa kilo 99. Ukubwa unasaidia hadi ukutane na mtu mwenye miguu inayokulazimisha ugeuke kila sekunde.

Ushahidi wa pekee tuko nao ni Big George

Ukitaka kitu karibu na jibu, usimwangalie Ali wala Tyson. Angalia George Foreman, aliyetuacha Machi 2025 akiwa na miaka 76. Huyu ndiye alipigana kwa vizazi viwili na akawa hatari kwa zote mbili.

Mwaka wa 1973 alimwangusha Joe Frazier mara sita ndani ya raundi mbili kule Jamaica. Mwaka uliofuata akapoteza kwa Ali. Akaacha ndondi 1977, akakaa miaka 10 akihubiri, akarudi amenenepa na amenyoa kichwa, watu wakacheka. Aprili 1991, akiwa na miaka 42, alisimama raundi zote 12 na Evander Holyfield aliyekuwa bingwa. Alipoteza kwa pointi, lakini hakuanguka. Novemba 1994, miaka 45, akamlaza Michael Moorer raundi ya 10 na kurudisha mkanda, miaka 20 baada ya kuupoteza Kinshasa.

Tulia na hiyo kidogo. Msee wa miaka ya 70, mzee tayari, alishinda bingwa wa miaka ya 90. Kwa hivyo mtu akikwambia mabondia wa kitambo walikuwa wepesi, hawangewezana na hawa wa leo wenye madaktari na wapishi, mwambie aende akasome kuhusu Big George.

Sasa, nani anashinda?

Nimejificha vya kutosha. Ali wa 1966 na Tyson wa 1988, raundi 12.

Tyson ako na kitu ilimsumbua Ali maisha yake yote: ndoano ya kushoto kutoka kwa mtu mfupi anayekuja mbele. Henry Cooper alimwangusha nayo London 1963. Frazier alimwangusha nayo raundi ya 15 mwaka wa 1971. Tyson alikuwa na kasi kuliko wote wawili.

Lakini Ali naye ako na kitu ilimmaliza Tyson: urefu, ngumi ya mbele isiyoisha, na kushika mtu akikaribia. Ali ni karibu sentimita 191, Tyson 178. Na kuna tofauti moja kubwa. Cooper na Frazier walimwangusha Ali, na mara zote mbili Ali aliamka akamaliza raundi. Tyson alipoangushwa na Douglas, alitambaa kwa sakafu akitafuta kinga ya meno.

Naona Ali akiteseka raundi nne za kwanza, labda hata anaanguka mara moja. Kutoka ya saba ni darasa. Ali kwa pointi, ama refa anasimamisha raundi za mwisho. Kama wewe ni wa Tyson, najua umekasirika. Nipe jina moja la mrefu mwenye miguu na roho ambaye Tyson alimvunja akiwa kwa ubora wake. Spinks alikuwa ametoka uzani wa chini, na alikuwa anatetemeka kabla hata kengele ilie.

Na Usyk? Yeye na Ali wamezaliwa tarehe moja, Januari 17. Usyk alimlaza Dubois akiwa na miaka 38, umri ule ule Ali alikuwa nao akichapwa na Holmes. Lakini kabla umpe Usyk taji, kumbuka lile la Dubois lilikuwa pigano lake la 24 tangu aanze kulipwa. Holmes alikuwa wa 60 kwa Ali. Mwili huhesabu ngumi, hauhesabu miaka peke yake. Kwa miguu, naona Usyk akimsumbua Ali kuliko vile Tyson angemsumbua. Hiyo ningelipa kuitazama.

Hapo ndio kuna mtego

Na hilo neno "ningelipa" ndio linanipa wasiwasi, juu wadosi wa ndondi wanalijua kitambo. Mwaka wa 1969, Ali akiwa amefungiwa kwa kukataa kwenda jeshi, alilipwa apigane na Marciano mbele ya kamera, raundi nyingi za kuigiza, kompyuta iamue mshindi. Marciano alikuwa na miaka 45, akavaa nywele bandia. Filamu ilioneshwa kwa sinema Januari 1970, na Wamarekani wakaona Marciano akishinda raundi ya 13. Marciano mwenyewe hakuiona. Alikufa kwa ajali ya ndege Agosti 1969.

Hiyo ilikuwa mchezo, hakuna mtu aliumia. Lakini Novemba 2024 tuliuziwa Mike Tyson wa miaka 58 dhidi ya Jake Paul wa miaka 27. Glavu nzito, raundi nane za dakika mbili. Tyson aligusa mtu mara 18 usiku mzima. Mamilioni walitazama, mimi pia nilirauka usiku nikaona. Tulitaka yule wa 1988, tukapewa mzee. Ali alipoingia kwa Holmes 1980, watu pia walitaka yule wa 1966. Miaka minne baadaye madaktari walisema ana Parkinson.

Kwa hivyo hii bishano iache mdomoni. Mdomoni Tyson ana miaka 22 milele na hakuna mtu anaamka na kichwa ikiuma.

Alafu tuongee juu ya wetu

Ukimaliza Ali na Tyson, rudi nyumbani. Robert Wangila. Seoul 1988, uzani wa kilo 67, alimlaza Mfaransa Laurent Boudouani kwa fainali, na hadi leo hakuna Mkenya mwingine ameshinda dhahabu ya Olimpiki nje ya riadha. Unajua huyo Boudouani alienda wapi? Akawa bingwa wa dunia wa WBA mwaka wa 1996.

Kufikia hapo Wangila alikuwa kaburini. Alikufa Julai 1994, siku mbili baada ya pigano Las Vegas, akiwa na miaka 26.

Kwa hivyo Jumamosi ijayo, wakianza Ali na Tyson, watupie hii: Wangila wa Seoul, apewe miaka yake yote na kambi nzuri, dhidi ya Terence Crawford aliyekusanya mikanda yote ya uzani huo 2023. Najua, Crawford ni moto, na kwa pesa yangu ningemweka Crawford. Lakini nataka kusikia kinyozi mzima ikibishana juu ya jina la Mkenya, hata kwa dakika tano tu.

Wewe unasimama na nani? Lakini sema mwaka, raundi na kilo kwanza. Bila hizo, rudi kwa laini ungoje kunyolewa.